Alonzo Herndon: Kinyozi wa matajiri, mwenye bima ya maskini

Alonzo Franklin Herndon alizaliwa utumwani tarehe 26 Juni, 1858, katika wilaya ya Walton, jimbo la Georgia, Marekani. Mamake, Sophenie, alikuwa mtumwa. Babake alikuwa yule yule Mzungu aliyemmiliki mamake. Watumwa walipoachwa huru mwaka 1865, mama na wanawe walitoka mikono mitupu. Kijana alilima vibarua, akachuuza njugu, na skuli akasoma kiasi cha mwaka mmoja tu. Mwaka 1878 aliondoka kwao na akiba ya dola 11, akajifunza unyozi.

Katika miaka ya mwanzo ya 1880 alifika mji wa Atlanta. Alianza kwa kuajiriwa, na haukupita muda akawa mshirika wa tajiri wake. Kufikia mwaka 1904 alikuwa na maduka matatu ya kinyozi. Kubwa lao lilikuwa nambari 66 mtaa wa Peachtree, lililofikia kuwa na viti 25, likapambwa kwa taa za vioo na nakshi za dhahabu. Waliokaa katika viti hivyo walikuwa mahakimu, mawakili, wanasiasa na wafanyabiashara wakubwa, wote Wazungu. Mtu mweusi aliingia mle kunyoa, si kunyolewa. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya zama zile, na Herndon aliifuata, akachuma, akanunua majumba ya kupangisha.

Basi mtu huyu, aliyekwisha kuzoeana na wateja wakubwa kupita wote mjini, alipoingia katika bima mwaka 1905 aliwaendea wateja wadogo kabisa.

Wachungaji wawili wa Atlanta walikuwa wameanzisha chama cha kusaidiana kwa ugonjwa na mazishi, mfano wa vyama vyetu vya kufa na kuzikana. Mwaka ule serikali ya Georgia ikatoa sheria kwamba kila chama cha namna hiyo kiweke amana ya dola 5,000. Wachungaji hawakuwa nazo. Herndon alikinunua chama kwa dola 140, akaiweka amana kwa fedha zake, na papo hapo akakiunganisha na vyama vingine viwili.

Wateja wake walikuwa madobi, wapishi, wachukuzi na vibarua, na walilipa kuanzia senti 5 kwa juma. Hawa kampuni kubwa za Wazungu ama ziliwakataa, ama ziliwapunja. Kampuni ya Prudential, kwa mfano, tangu mwaka 1881 iliwapunguzia weusi fidia kwa thuluthi moja ilhali malipo ya bima ni yale yale.

Hapa ndipo ilipo hesabu ya biashara hii. Mteja mmoja wa senti 5 hamrudishii ajenti hata gharama ya njia. Wateja mia mtaa mmoja, wanaopitiwa mlango kwa mlango kila juma, humpatia riziki. Lakini wakiwa mia hao tu, homa ikiuingia mtaa chama kimekufa, maana wagonjwa ni wengi kwa siku moja na sanduku ni tupu. Kwa hiyo anayechagua mteja mdogo hana budi kuwa nao wengi, walioenea mbali, na awe na akiba nyuma yake. Ndiyo maana Herndon aliviunganisha vyama, akaziba mapengo kwa faida ya unyozi, na vyama vingine vya weusi vilipoelekea kuanguka akawachukua wenye bima wao, wasipoteze walichokwisha kulipa.

Mteja mkubwa naye ana hatari zake. Mwezi Septemba 1906 makundi ya Wazungu yaliwashambulia weusi wa Atlanta, wakauawa watu wengi, na duka la Herndon likavunjwa vioo. Mwaka 1926 baraza la mji likapitisha sheria kuwazuia vinyozi weusi wasiwahudumie wanawake na watoto wa Kizungu. Mahakama iliitangua baadaye, lakini onyo lilikuwa limetoka: riziki iliyo mikononi mwa wakubwa wachache yaweza kukatwa kwa kalamu moja.

Wakati huo kampuni yake ilikwisha kukua. Mwaka 1922 ilipewa jina la Atlanta Life, ikaenea hadi Florida, Kentucky, Tennessee na Texas. Herndon alifariki tarehe 21 Julai, 1927, mwenye umri wa miaka 69. Mwanawe Norris alishika uongozi na kuuendesha kwa miaka mingi.

Sisi Waislamu tunayo ya kuangalia katika bima. Mwaka 1985 Baraza la Fikihi lenye makao yake Jeddah liliamua kwamba bima ya kibiashara haifai kisheria, likaelekeza kwenye bima ya kusaidiana. Na hapa Kenya kampuni ya takaful ilianza kazi mwaka 2011. Anayetaka kuifanya kazi hiyo miongoni mwetu atakutana na swali lile lile la Herndon: amtafute mwenye meli, au mwenye mkokoteni? Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli. Lakini kibaba kikitoboka hakijai. Wenye mikokoteni ni wengi, na kila mmoja atahitaji sanda. Atakayewachagua na awe na subira ya kubisha hodi kila juma, na mfuko wa kuwalipa siku ya msiba.