Profesa Tom Kilburn, Aliyeipa Kompyuta Kumbukumbu

Napenda kuwaeleza kwa ufupi maisha ya Profesa Tom Kilburn, Mwingereza aliyeitumikia elimu ya ujenzi wa kompyuta kwa zaidi ya miaka 30.

Bwana Kilburn alizaliwa mwaka 1921 katika mji wa Dewsbury. Alisoma hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi ya mitambo ya rada. Vita vilipokwisha alimfuata mkubwa wake wa kazi, Profesa F. C. Williams, katika Chuo Kikuu cha Manchester.

Siku hizo mitambo ya kuhesabu ilikuwa na mbio, lakini haikuwa na pahali pazuri pa kuwekea maagizo. Kubadilisha kazi kulitaka kuchomoa na kuchomeka nyaya kwa mikono. Mabwana hao waliweka alama za umeme katika kioo mfano wa televisheni. Taabu ni kwamba alama zilifutika upesi kuliko kupepesa jicho. Dawa ikawa kuzisoma na kuziandika upya bila ya kupumzika. Sisi wa Kojani twaijua kazi hiyo: mwenye dau linalovuja hafui maji mara moja kisha akalala.

Tarehe 21 Juni, 1948, mtambo wao ulipewa maagizo 17 yaliyotungwa na Kilburn. Ukahesabu kwa dakika 52, ukatoa jibu sahihi. Ndiyo mara ya kwanza kompyuta ya elektroniki kufuata maagizo iliyoyahifadhi namna hiyo.

Mwaka 1960 akawa profesa. Katika mtambo wa Atlas wa mwaka 1962, kumbukumbu ya mbio ilikuwa ndogo na ya ghali, na ile kubwa ilikuwa ya polepole. Yeye na wenzake wakaufanya mtambo wenyewe uhamishe kurasa zinazotakiwa, kama mwanafunzi wa bweni atoavyo daftari moja sandukuni na kurudisha jingine. Mwaka 1964 alianzisha idara ya kompyuta chuoni hapo. Alistaafu mwaka 1981, akafariki mwaka 2001.

Wako wasemao kwamba mtoto wa mvuvi akimaliza kidato cha nne, pahali pake ni dago. Uvuvi ni kazi ya heshima, nao ndio ulionisomesha. Lakini mimi nataka kusoma ujenzi wa kompyuta. Basi wazazi wetu, nawaomba mtungoje miaka michache zaidi.