Chad Varah: Kasisi aliyewategea sikio waliokata tamaa

MAZISHI ya kwanza aliyoyaongoza Chad Varah yalikuwa ya msichana mdogo aliyejitoa uhai. Ilikuwa mwaka wa 1935 katika mji wa Lincoln, Uingereza, na Varah alikuwa shemasi kijana aliyetoka chuoni karibuni. Msichana huyo alikuwa ameanza kupata hedhi. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kumweleza mabadiliko ya mwili wake, aliamini kwamba ameambukizwa ugonjwa wa aibu. Hakuwa na mtu wa kumwuliza.

Kaburi hilo ndilo lililobainisha mkondo wa maisha ya kasisi huyo. Tangu siku hiyo aliazimia kuwafunza vijana ukweli kuhusu miili yao, jambo lililomletea lawama nyingi kutoka kwa watu wa dini waliodhani kwamba mazungumzo ya aina hiyo hayafai kutoka kinywani mwa kasisi. Hakutishika.

Edward Chad Varah alizaliwa Novemba 12, 1911, katika mji mdogo wa Barton-upon-Humber, kaskazini mwa jimbo la Lincolnshire. Babake alikuwa kasisi wa Kanisa la Kianglikana, naye alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto tisa. Alisoma katika Chuo cha Keble, Oxford, kabla ya kuingia katika utumishi wa kanisa.

Mwaka wa 1940 alimwoa Susan Whanslaw, ambaye baadaye, kati ya 1970 na 1976, aliongoza Mothers' Union duniani, chama kinachofahamika vyema na waumini wa Kianglikana nchini Kenya. Walijaliwa watoto watano, watatu kati yao wakiwa wamezaliwa kwa mkupuo mmoja. Mshahara wa kasisi haukutosha kuikimu familia kubwa kiasi hicho, kwa hivyo Varah alijiongezea kipato kwa kuandika hadithi za jarida la watoto la Eagle, lililoanzishwa mwaka wa 1950.

Kalamu hiyo hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango mwingine. Katika mwaka wa 1952 maoni yake kuhusu elimu ya uzazi na ndoa yalichapishwa katika jarida la Picture Post, na barua za wasomaji zikamiminika. Wengi waliomwandikia walikuwa na siri zilizowaelemea, na baadhi yao walikuwa wamefikia ukingo wa kukata tamaa. Varah alitambua kwamba mtu anayeona nyumba ikiungua ana nambari ya simu ya kuomba msaada, lakini anayeungua moyoni hana pa kupiga.

Tatizo lilikuwa muda, kwani parokia aliyoisimamia kusini mwa London ilikuwa na shughuli nyingi. Bahati ilimwangukia mwaka wa 1953 alipopewa Kanisa la St Stephen Walbrook, katikati ya mtaa wa mabenki na maafisi wa jiji hilo. Eneo hilo lilijaa watu mchana na kubaki tupu usiku, hivyo kasisi wake hakuwa na waumini wengi wa kuwatembelea majumbani. Novemba 2, 1953, simu ya kwanza ya huduma yake mpya iliita. Nambari yake ilikuwa MAN 9000, na aliyeipiga hakutozwa ada ya ushauri wala kutakiwa kubadili imani yake.

Mwezi uliofuata gazeti la Daily Mirror lilitangaza huduma hiyo likiifananisha na Msamaria Mwema wa Injili. Jina Samaritans likashika, ingawa shirika lenyewe halikuwa la kuhubiri dini.

Habari zilipoenea, watu walianza kufika kanisani ana kwa ana. Msururu ukawa mrefu, naye Varah alikuwa mmoja. Walijitokeza watu wa kawaida waliotaka kusaidia. Hawakuwa madaktari wala wataalamu wa maradhi ya akili. Kazi waliyopewa ilikuwa kuwapokea wageni, kuwapikia chai na kuketi nao hadi zamu ya kumwona kasisi ifike.

Hapo ndipo Varah alipogundua jambo ambalo hakulitarajia. Wengi waliokuwa wakingoja walimwaga yaliyo moyoni mwao mbele ya mpika chai, wakafarijika, kisha wakaenda zao bila haja ya kumwona kasisi. Walikuwa wamepata walichokikosa kwa muda mrefu: mtu wa kuwasikiliza bila kuwahukumu wala kuwakatiza kwa mawaidha.

Mtu mwenye kupenda sifa angalishika usukani hata hivyo. Varah hakufanya hivyo. Februari 1954 aliwakabidhi wasaidizi hao kazi ya kupokea simu na kuwasikiliza wenye shida, naye akabaki kuwachagua, kuwasimamia na kuwashughulikia waliohitaji ushauri wa kina zaidi. Siri ya mpigaji simu ikawa mwiko usiovunjwa.

Wakati huo, sheria ya Uingereza ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Kukiri mawazo hayo kulikuwa hatari, na ndiyo maana ahadi ya kutunza siri ilikuwa na uzito mkubwa. Sheria hiyo iliondolewa mwaka wa 1961.

Mnamo 1974 mtandao wa kimataifa wa Befrienders ulianzishwa ili kueneza huduma hiyo katika mataifa mengine. Nchini Kenya, kazi hiyo hufanywa na shirika la Befrienders Kenya. Wakenya nao waliishi chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Januari 2025 ambapo Mahakama Kuu iliamua kwamba kinakiuka Katiba.

Varah hakuwa malaika. Alikuwa mwepesi wa hasira na mgumu wa kubadili msimamo, na uzeeni alilalamika hadharani kwamba Samaritans ilikuwa imeacha njia aliyoichora. Hata hivyo, aliihudumia St Stephen Walbrook kwa miaka 50, akastaafu mwaka wa 2003 akiwa amevuka umri wa miaka 90.

Alifariki Novemba 8, 2007, siku nne kabla ya kutimiza miaka 96. Kufikia wakati huo Samaritans ilikuwa na matawi takriban 200 nchini Uingereza na Ireland, na maelfu ya watu wa kujitolea waliokesha kando ya simu usiku na mchana. Wengi wao hawakuwahi kukutana naye. Kazi yao ilikuwa ile ile ya wapika chai wa mwaka wa 1953, kumpa mwenye shida nafasi ya kuuliza, nafasi ambayo msichana wa Lincoln hakuipata.