Dkt. Krapf: Furaha Isiyozikwa

Katika jubilii hii tunamkumbuka Dkt. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa CMS, aliyefika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe, Rosine. Mwezi Julai mwaka huohuo Rosine alijifungua mtoto wa kike, kisha akafariki kwa homa. Siku chache baadaye mtoto naye akamfuata. Wakazikwa huku kwetu upande wa bara, Nyali.

Krapf, naye akiugua homa, hakurudi kwao. Aliendelea kujifunza Kiswahili na kutafsiri Kitabu cha Mwanzo. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walianzisha misheni Rabai. Aliyebatizwa wa kwanza alikuwa Mringe, mlemavu aliyekuwa karibu kufa. Mavuno yalikuwa mtu mmoja tu, lakini Krapf hakukata tamaa. Alifariki Ujerumani mwaka 1881, na kamusi yake ya Kiswahili ikachapishwa mwaka uliofuata.

Wapendwa, kwaya yetu huitwa arusini na matangani pia. Tukisimama kuimba penye msiba, Kisauni, Likoni au Changamwe, tukumbuke kaburi lile la Nyali. Furaha ya Kristo haingoji machozi yakauke. Bwana apewe sifa!