Rwagasore: mwana wa Mwami aliyeanzia siasa kwa wafanyabiashara wa Buyenzi

BUJUMBURA. Kila tarehe 13 Oktoba Warundi humkumbuka Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa mwaka 1961 akiwa Waziri Mkuu. Jina lake limo kwenye barabara kubwa ya katikati ya mji, na kaburi lake liko kilimani Vugizo. Wengi wanamjua kama shujaa wa uhuru. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba kabla ya kuingia kwenye siasa za vyama alianza na ushirika wa wafanyabiashara, na kwamba waliomwamini mapema ni wakazi wa mitaa ya Waswahili.

Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Mwaka 1945 alipelekwa shule ya Astrida, mji ambao sasa ni Huye nchini Rwanda. Shule hiyo iliwaandaa watoto wa machifu na makarani wa serikali ya kikoloni, na elimu yake ilikuwa ya Kifaransa. Kutoka hapo alikwenda kusoma Ubelgiji, katika mji wa Antwerp. Kwa hesabu za Wabelgiji, kijana wa namna hiyo angerudi nyumbani akawa chifu mtiifu.

Alirudi mwaka 1956. Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, ulikuwa makao makuu ya Ruanda-Urundi, eneo lililokabidhiwa Ubelgiji chini ya Umoja wa Mataifa. Buyenzi na Bwiza zilikuwa mitaa ya Waafrika, nje ya mamlaka ya machifu wa kimila. Humo waliishi Warundi waliohama vijijini pamoja na watu ambao wazee wao walitoka Ujiji, Manyema na kwingineko kando ya Ziwa Tanganyika. Wengi walikuwa Waislamu, na biashara yao waliiendesha kwa Kiswahili.

Lugha hiyo haikuwa na heshima serikalini wala kanisani. Wajerumani waliitumia katika utawala, lakini chini ya Wabelgiji shule zilifundisha Kirundi na Kifaransa, na wamisionari wengi walikiona Kiswahili kuwa lugha ya Uislamu. Msemaji wake alichukuliwa kuwa mtu wa mjini asiye na kwao. Angeweza kuwa amezaliwa Buyenzi, amelipa kodi Buyenzi na kuzika wazazi wake hapo, na bado akahesabiwa mgeni.

Huko ndiko Rwagasore alikokwenda. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara pamoja na wenyeji wa mji, wakiwamo Waswahili wengi. Shabaha ilikuwa mfanyabiashara Mwafrika aweze kununua na kuuza bila kupitia mikono ya watu wengine. Wakati ule bidhaa zilishushwa Dar es Salaam, zikapanda treni hadi Kigoma, kisha zikavushwa ziwani hadi Usumbura. Tangu mwaka 1921 Ubelgiji ilikuwa na maeneo yake maalumu katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma kwa ajili ya mizigo hiyo. Biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa Wazungu na Waasia. Mwafrika alibaki na duka dogo au meza ya sokoni, akinunua kwa bei aliyopangiwa na kuuza kwa faida ndogo.

Ushirika huo uliwavutia watu kwa haraka, lakini haukuendeshwa vizuri. Hesabu zilikuwa dhaifu na madeni yakaongezeka, na mwaka 1958 wakoloni waliingilia kati na kushika usimamizi wake. Wabelgiji walikuwa wameutilia shaka tangu mwanzo, maana waliona mkusanyiko wa watu wenye fedha kidogo na manung'uniko mengi. Ushirika ulishindwa kama biashara. Hata hivyo, mwana wa Mwami na wauza duka wa Buyenzi walikuwa wameshakaa meza moja wakahesabiana fedha, na imani waliyojengeana haikupotea.

Imani hiyo ilikisaidia chama cha Uprona, yaani Umoja kwa Maendeleo ya Taifa, kilichoanzishwa mwaka 1958 na ambacho Rwagasore alikuwa kiongozi wake mkuu. Uprona kilidai uhuru wa haraka chini ya ufalme, kikiwakusanya Wahutu, Watutsi na Waganwa, ukoo wa kifalme. Katika mji mkuu nguvu yake ilikuwa mitaa ya Waswahili. Kwa watu walioitwa wageni, kadi ya chama ilikuwa pia ushahidi kwamba na wao ni wenye nchi. Rwagasore alikuwa na uhusiano na Julius Nyerere na chama cha TANU ng'ambo ya ziwa, pamoja na Patrice Lumumba wa Kongo.

Wabelgiji walikipendelea chama cha PDC. Mwaka 1960 waliweka sheria ya kuwazuia ndugu wa karibu wa Mwami kushiriki siasa, na mwezi Oktoba wakamweka Rwagasore kizuizini nyumbani. Akiwa kizuizini, PDC kiliongoza uchaguzi wa mitaa. Aliachiwa Desemba, na uchaguzi wa Bunge ukafanyika tarehe 18 Septemba 1961 chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa. Uprona kilipata viti 58 kati ya 64. Siku 10 baadaye Rwagasore alikuwa Waziri Mkuu.

Alikaa madarakani wiki mbili tu. Usiku wa tarehe 13 Oktoba, akiwa kwenye chakula katika Hoteli Tanganyika, alipigwa risasi na Mgiriki Jean Kageorgis. Alikuwa na umri wa miaka 29. Kesi ilionyesha kwamba mpango huo ulihusisha viongozi wa PDC. Kageorgis aliuawa kwa hukumu ya mahakama tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Januari 1963 wengine, wakiwamo Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, walinyongwa Gitega. Chama kilichobaki bila yeye kiligawanyika, na umoja wa makabila aliousimamia ukavunjika kwa damu katika miaka iliyofuata.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, miaka 45 kamili baada ya uhuru. Kiswahili sasa kinafundishwa katika shule zake za msingi, na mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali kiwe lugha rasmi, sambamba na Kifaransa na Kiingereza. Lugha iliyomfanya mtu wa Buyenzi aitwe mgeni ndiyo inayomwezesha leo mfanyabiashara kukubaliana bei Kigoma, Uvira na Bujumbura bila mkalimani. Lakini swali la Rwagasore la mwaka 1957 bado liko sokoni: mfanyabiashara mdogo atanunuaje mzigo wake bila kupitia mikono ya watu wengine, na daftari la chama chake atalitunza nani?