Whitehouse na Reli ya Kamba

Kwa mtu wa Hulugho, kule Garissa, nchi ni tambarare na reli haijafika hata leo. Ukimwambia kwamba mabehewa yaliwahi kuteremshwa mlimani kwa kamba, huenda akakuona mzushi. Lakini jambo hilo lilitendeka papa hapa Kenya, na msimamizi wake ni George Whitehouse, ambaye leo napenda kumweleza.

Mwingereza huyu alizaliwa mwaka 1857. Alikuwa amekwisha kujenga reli Afrika Kusini na India aliposhuka Mombasa Desemba 1895, akiwa mhandisi mkuu wa Reli ya Uganda. Kazi ilianza 1896, na Mei 1899 reli ikafika Nairobi. Mbele yake kukawa na genge la Kikuyu: Bonde la Ufa liko chini kiasi cha futi 1,500. Njia ya kudumu ilidai madaraja marefu, na kuyangojea ni kuwakalisha bure mafundi na vibarua wa mbele.

Whitehouse hakungoja. Akaamuru itandikwe njia ya muda, sehemu nne, mabehewa yashushwe kwa kamba za chuma. Sehemu mbili za kati zilikuwa kali mno: kila futi mbili za kwenda mbele, futi moja ya kushuka. Hapo mabehewa yalipakiwa juu ya vigari maalumu vilivyoyaweka sawa, mzigo usimwagike. Uzito wa lishukalo ndio uliolivuta lipandalo. Hivyo vyuma vikafika bondeni na kazi ikaendelea. Novemba 1901 njia ya kudumu ilikamilika, kamba zikaachwa. Desemba reli ikafika Kisumu.

Mwaka 1915 reli nyingine, itokayo Konza, iliteremka bonde hilo hilo kuifuata magadi ya Ziwa Magadi. Whitehouse alikuwa amekwisha kuondoka nchini.

Serikali yake ilimpa cheo cha heshima, naye akafariki mwaka 1938. Simnyimi haki yake. Akili ile ilikuwa kubwa. Lakini nasema wazi: Wahindi karibu 32,000 waliletwa kuijenga Reli ya Uganda, wengi wao wa Punjab, Waislamu, Makalasinga na Wahindu, na 2,493 walikufa. Waafrika walioifanya kazi hiyo nao ni wengi. Jina la mhandisi limeandikwa vitabuni. Walioshika kamba hatuwajui majina, na garimoshi lilipita juu ya jasho lao.