Mkono wa Maiti: Jamaa Aliyededi Mezani na Kuachia Poka Msemo Wake Noma Zaidi

Cheki, hii si ile poka ya mtaa ya kusema "niko kadi" halafu unamaliza. Hapa naongelea poka ya Marekani, ile ya kuweka doo katikati ya meza. Huko ukishika A mbili nyeusi na 8 mbili nyeusi, umeshika mkono wa maiti. Na huyo maiti alikuwa na jina: James Butler Hickok, ila wasee walimjua kama Wild Bill.

Alizaliwa tarehe 27 Mei 1837 huko Illinois. Jina lake lilianza kuvuma juu ya deni la kamari. Julai 1865, mjini Springfield, Missouri, mcheza kamari Davis Tutt alibeba saa ya Hickok kama dhamana. Hickok alisema deni ni dola 25, Tutt akakaza ni 35. Sasa elewa: mse akitembea mtaani na saa yako, kila mtu anajua wewe hulipi. Nani atakugawia kadi tena? Hickok akamwonya asiivae. Tarehe 21 Tutt akatokea nayo uwanjani mchana peupe. Wakasimama umbali wa kama mita 70, bastola zikalia. Tutt akakosa. Hickok hakukosa, na korti ikamwachilia.

Mwaka wa 1867 jarida la Harper's likamwandika, chumvi ikiwa mob. Kutoka hapo akawa staa, lakini ustaa wa bunduki una bei yake: kila kijana anayesaka jina anakusaka wewe. Ndio maana Hickok alipenda kuketi mgongo ukiwa ukutani. Wachezaji wa poka huongea sana juu ya posisheni, yaani zamu yako mezani. Anayecheza mwisho anaona moves za wengine kwanza. Posisheni ya Hickok ilikuwa ingine kabisa. Yeye alitaka kuona mlango.

1871 akawa karao mkuu wa Abilene, Kansas. Oktoba hiyo alimpiga risasi mcheza kamari Phil Coe. Hapo hapo akasikia mtu akija mbio, akageuka, akafyatua tena. Alikuwa Mike Williams, naibu wake, mwenye alikuwa anakuja kumsaidia. Kabla mwaka uishe, kazi ilikuwa imeenda.

Ikifika 1876 Hickok ana miaka 39, macho yanafifia, na Machi ametoka kuoa Agnes Lake, mama wa sarakasi. Akaenda Deadwood, mji wa wachimba dhahabu, kusaka chapaa. Tarehe 2 Agosti akaingia Saloon No. 10. Kiti kilichobaki kilikuwa cha kuupa mlango mgongo. Akamwomba Charlie Rich wabadilishane, Rich akakataa. Kwa poka kuna kufoldi: unarudisha kadi, unameza hasara ndogo, unangoja raundi ingine. Hickok angeweza kufoldi hicho kiti na aende zake. Akaketi.

Jack McCall akaingia, akamjia kwa nyuma na kumpiga risasi ya kichwa. Akadedi papo hapo. Mahakama ya wachimba migodi ikamwachilia McCall, lakini akashikwa tena, akahukumiwa Yankton, na kunyongwa tarehe 1 Machi 1877.

Na zile kadi? Stori ya A na 8 ilishika baada ya kitabu cha 1926, miaka 50 baadaye, kwa hivyo iweke chumvi kidogo. Kadi ya tano watu wanabishania hadi leo. Kisheria huo mkono ni pea mbili tu: mzuri, lakini kadi tatu za namba moja zinauchapa. Mwaka wa 1979 Hickok aliwekwa kati ya magwiji wa kwanza wa Poker Hall of Fame, Las Vegas.

So siku utasikia mtu akitaja mkono wa maiti, usidhani ni kadi mbaya. Kadi zake zilikuwa sawa. Ni kiti kilimmaliza.