Kanali Young: Mpanda farasi aliyefungulia umma msitu

CHARLES Young alizaliwa Machi 12, 1864, katika kijiji cha Mays Lick, jimboni Kentucky, Marekani, wazazi wake wakiwa watumwa. Mnamo 1889 alihitimu katika chuo cha kijeshi cha West Point, akiwa mtu mweusi wa tatu kufuzu humo.

Hifadhi ya Kitaifa ya Sequoia, California, ilitengwa mwaka wa 1890, lakini kwa miaka mingi raia wa kawaida hawakuwa na njia ya kuifikia. Idara ya kusimamia hifadhi haikuwa imeundwa hadi 1916, na kwa hivyo ulinzi wake ulikuwa mikononi mwa jeshi. Mnamo 1903, Young, wakati huo akiwa Kapteni, aliongoza askari weusi wapanda farasi kutoka San Francisco kwa safari ya siku 16 hadi huko. Akawa mtu mweusi wa kwanza kusimamia hifadhi ya kitaifa nchini humo.

Askari hao walipiga kambi milimani, wakashika doria kwa farasi na kuwazuia waliolisha kondoo humo kinyume cha sheria. Aidha, walijenga barabara kwa kasi ambayo haikuwa imeonekana hapo awali. Kufikia Agosti mwaka huo, magari ya kukokotwa na farasi yaliweza kufika Giant Forest, penye miti mikubwa kupindukia. Hata leo, wageni huzuru milima hiyo kwa farasi na nyumbu wa mizigo.

Hata hivyo, farasi ndiye aliyembeba Young katika safari iliyokuwa chungu zaidi. Marekani ilipoingia vitani mnamo 1917, alikuwa karibu kupandishwa cheo kuwa jenerali. Ofisa mzungu aliyekuwa chini yake alikuwa amelalamika kuamrishwa na mtu mweusi, na malalamiko hayo yakamfikia Rais Woodrow Wilson. Madaktari wa jeshi nao walisema ana shinikizo la damu, akastaafishwa akiwa Kanali.

Mnamo Juni 1918, akiwa na umri wa miaka 54, alipanda farasi nyumbani kwake Wilberforce, Ohio, akaenda hadi Washington, mwendo wa takriban kilomita 800 kwa siku 16, ili kuthibitisha kwamba angali na nguvu. Alirejeshwa kazini Novemba 6, siku tano tu kabla ya vita kukoma.

Madaktari hawakuwa wamekosea kabisa, kwani maradhi ya figo yalimuua Januari 8, 1922, mjini Lagos, Nigeria, akiwa kazini. Lakini maofisa wazungu wenye maradhi kama yake waliruhusiwa kuhudumu.

Wahenga walisema kawia ufike. Cheo cha Brigedia Jenerali kilifika Aprili 2022, mwenyewe akiwa ameaga dunia miaka 100 iliyotangulia.